Picha Ilikuwa ya Mama Yake

Ukitoka Ruiru kuelekea Thika utaiona miche kando ya barabara hadi macho yachoke: miparachichi, miembe, maua ya uani, michongoma ya kuzungushia boma, yote imesimama kwenye mifuko myeusi kama watoto wa nasari wakingoja uji. Unashuka, unachagua, unapapasa majani, unabishana bei kidogo, unaondoka na mti wako mkononi. Watu wa mtaa wa Gitothua wote hununua hapo. Wote isipokuwa Tabby.

Tabby alikuwa fundi wa nguo. Kibanda chake kilikuwa mkabala na mashine ya kusaga unga, na sare za nusu ya watoto wa mtaa zilipitia kwenye cherehani yake. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye kicheko kikubwa na ulimi uliozoea kutangulia akili. Hakunywa, hakukosa kanisa, na hakusengenya kuliko wenzake. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: kununua miche kwa simu.

"Mti wa kando ya barabara umekunywa moshi tangu uzaliwe," alikuwa akisema. "Utazaa nini? Masizi?"

Yeye alitaka mti uliosafiri. Mti uliofungwa mbali huko, ukatumwa kwa parseli, ukafika Ruiru na jina la Tabby limeandikwa juu kwa wino mzito kama la mheshimiwa. Mumewe, Gachau, aliyekuwa akitengeneza baiskeli na wilibaro, alikuwa mtu wa maneno machache, na kila parseli ilipofika aliuliza swali lilelile: "Mama Kui, hii tutakula ama tutaizika?"

Swali hilo halikuwa la bure. Lavenda kutoka Nanyuki ilifika imelaliwa na gunia la viazi, bapa kama chapati. Stroberi zilisafiri zikiwa jirani na omena, na zilipofunguliwa paka wote wa mtaa walihamia kwa Tabby. Halafu kulikuwa na lile ua la kutambaa ukutani, ambalo muuzaji aliapa litafunika lango lote kwa rangi ya zambarau. Lilitambaa kweli. Lilifunika lango, likafunika na choo, kisha likazaa maboga. Walikula maboga mpaka Gachau akaanza kuyaota. Tabby alimwandikia muuzaji ujumbe ulioanza kwa malalamiko na kuishia kwa shukrani, kwa sababu majani yake yalikuwa matamu sana kwenye mukimo wa viazi na mahindi.

Basi mtu angedhani amepona. Lakini kulikuwa na chama.

Kilikuwa chama cha akina mama cha kutembeleana majumbani, leo kwa huyu, mwezi ujao kwa yule. Mwenyekiti alikuwa Janice wa mtaa wa Kahawa Sukari, mwanamke nadhifu aliyecheka akiwa amefunga mdomo. Zamu yake ilipofika, aliwapa wageni chai ya rangi yenye vipande vya limau, akasema kana kwamba jambo lenyewe si jambo, "Ni malimau ya hapa nje tu. Yamekuwa mengi, sijui nitayapeleka wapi."

Wenzake walisema aaah. Tabby akasikia mdomo wake ukisema, "Hata mimi niko na mlimau wangu. Umezaa mpaka matawi yanaguza chini. Mkikuja kwangu mtaona."

Na waliofuata kutembelewa walikuwa yeye na Gachau. Mlimau hapakuwa nao. Palikuwa na mpera mmoja kando ya tangi la maji, na mabaki ya boga.

Jioni hiyohiyo, akiwa bado hajavua viatu, Tabby alifungua simu akautafuta mlimau, na simu, ambayo humjua mtu kuliko mumewe, ikamletea picha. Lo! Mti ulikuwa umepita paa la nyumba. Malimau yalikuwa yamening'inia kama taa za sherehe. Chini yake alisimama bibi mmoja mzee aliyejitanda mtandio mwekundu, ameshika kikapu, anatabasamu kama mtu aliyelipwa. Maandishi yalisema: *Mche wa mlimau, matunda makubwa, tunatuma kote nchini.* Tabby alisoma mlimau, akasoma matunda, akasoma tunatuma. Neno la kwanza kabisa lilimpita.

Alituma pesa kabla Gachau hajamaliza kunawa mikono.

Ujumbe wa ofisi ya parseli ulipoingia, Tabby aliacha sketi ya mtu ikiwa imetiwa lastiki nusu, akaenda kumtafuta Opiyo mwenye mkokoteni.

"Ni mti," alimwambia. "Umezaa tayari, na urefu wake umepita mlango."

Opiyo aliutazama mkokoteni wake, kisha akatazama mbingu. "Huo unataka kamba nyingi, Mama Kui. Na matunda yakianguka njiani, mimi sitaki kesi."

"Utaenda polepole."

Wakaenda. Ofisini karani aliangalia namba kwenye simu ya Tabby, akaingia nyuma, akarudi ameshika katoni ya biskuti.

"Hiyo ni ya nani?" Tabby akauliza.

"Yako. Si jina ni hili?"

"Mimi nimekuja kuchukua mti."

Karani aliinua katoni karibu na sikio, akaitikisa. "Kuna kitu ndani," akasema.

Opiyo alikuwa mtu anayeiheshimu kazi yake. Walikubaliana kubeba mti, na yeye hakuona sababu ya kuvunja mkataba kwa ajili ya vipimo. Aliiweka katoni katikati ya mkokoteni, akaifunga kwa kamba kushoto na kulia, akaifunga mbele na nyuma, akajaribu fundo kwa uzito wake wote. Kisha akaingia barabarani akipaza sauti, "Kando! Kando! Mzigo!"

Watu walijibanza ukutani, wakaona katoni ya biskuti ikipita, ikifuatwa na mwanamke aliyekunja uso. Mama mmoja aliyekuwa akikatakata sukuma alishusha kisu, akauliza kwa huruma, "Pole sana. Ni paka?"

"Ni mlimau!" Tabby akajibu.

"Mungu aulaze pema," yule mama akasema.

Nyumbani, Gachau aliweka spana chini ili ashuhudie. Tabby alikata utepe wa gundi. Chini ya utepe kulikuwa na gazeti, chini ya gazeti kulikuwa na gazeti jingine, kisha karatasi ya nailoni iliyofungwa mafundo, na ndani yake, katika udongo wa kujaza kikombe cha chai, kulikuwa na kijiti. Kijiti kilikuwa na majani manne. Jani moja lilikuwa limekunjika, la pili limekuwa la njano, na la nne likaanguka walipokuwa wakilihesabu.

Gachau alifungua kinywa.

"Usiniulize!" Tabby akasema. "Baba Kui, leo usiniulize."

Alimpigia muuzaji hapo hapo. Sauti iliyopokea ilikuwa ya mwanamke kijana, laini kama mafuta ya nazi.

"Mama, habari yako? Umepokea mzigo salama?"

"Nimepokea kijiti! Mti wa kwenye picha uko wapi?"

"Aa, ule wa picha? Picha ni ya mama yake."

Tabby aliitoa simu sikioni, akaitazama, akairudisha. "Mama yake nani?"

"Mama yake huo mche. Wewe umenunua mtoto."

"Na baba yake ako wapi?"

"Mama, usikasirike. Mpe maji, mweke kivulini, mlee vizuri. Baada ya miaka mitatu hivi, minne, utanishukuru."

"Wageni wangu wanakuja Jumamosi!"

"Wapatie juisi ya maembe," sauti ikasema kwa upole.

Sasa, mtu mwingine angewapigia wenzake simu akawaambia ukweli, wakacheka, yakaisha. Tabby aliona njia hiyo ikiwa wazi mbele yake, akaipita. Alienda sokoni, akanunua malimau ya kujaza beseni, na Jumamosi asubuhi akamwita mumewe amshikie ngazi chini ya mpera. Alikuwa na uzi wa kijani wa kushonea sweta za shule, na kwa ule ufundi wake wa miaka mingi alifunga limau moja moja kwenye matawi, fundo dogo lisiloonekana, mpaka mpera ule ukawaka manjano toka juu hadi chini.

"Hata mpera wenyewe umeshangaa," Gachau akasema. Akachukua baiskeli yake akaenda zake, maana hakutaka kuitwa shahidi.

Wageni walifika wamependeza. Tabby aliwapitisha kando ya tangi kana kwamba ni njia ya kila siku. Janice alisimama. Wote wakasimama.

"Haiya," Janice akasema. "Kumbe ni kweli."

"Si niliwaambia?"

Ingeweza kuishia hapo kama si Aketch. Aketch alikuwa na meza ya samaki soko la Githurai 45, na macho yake yalikuwa yamefundishwa na samaki wa jana wanaojifanya wa leo. Alisogea karibu, akashika jani, akalipindua.

"Mama Kui, hili jani si la mpera?"

"Linafanana," Tabby akasema. "Ni mbegu ya kisasa."

"Na hili nalo?" Aketch alikuwa ameshika pera. Pera halisi, bichi, limekaa juu ya tawi lake lilipozaliwa, bega kwa bega na limau.

Tabby aliona nyota. Ulimi ukamtangulia tena. "Wameunganisha," akasema. "Siku hizi wanaunganisha. Mti mmoja, matunda mawili."

Alitegemea wacheke. Hawakucheka. Mwanamke mmoja alifunga mikono kifuani akasema, "Ngai, dunia imeendelea." Mwingine akauliza kama kuna wa chungwa na ndizi. Janice, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwona akimwonea mwenzake wivu, alizunguka mpera ule mara mbili, mikono nyuma, kama mkaguzi.

"Umeutoa wapi?"

"Ni wa kuagiza. Kwa simu."

"Basi tutaagiza," mwenyekiti akasema. "Sisi wote. Tuchange leo leo, pesa itoke kwa chama, mtu asiachwe nyuma. Tabby, hebu toa namba."

Wakaketi kwenye meza ya chai iliyoandaliwa uani, na mifuko ya mikononi ikaanza kufunguliwa. Tabby aliwatazama. Aliona katoni za biskuti zimefungwa kwa kamba juu ya mkokoteni wa Opiyo, aliona wenzake wakikata utepe, gazeti, gazeti jingine. Kudanganya kwa malimau lilikuwa jambo moja. Lakini hizi zilikuwa pesa za watu waliomchangia mama yake alipolazwa. Moyo ukamwambia: hapa umefika ukingoni, mama.

"Ngojeni," akasema. Akaingia jikoni, akatoka na sufuria. Akaiweka mezani katikati ya vikombe. Ndani ya sufuria kulikuwa na kile kijiti na majani yake matatu.

"Huu ndio mlimau wangu," akasema. "Ule mwingine ni mpera. Nimeufunga malimau kwa uzi."

Aketch akainuka, akarudi penye mpera, akavuta limau moja. Lilikuja na uzi wake.

"Uzi wa nini?" akauliza.

"Wa sweta. Za darasa la nne."

Hapo ndipo kitu kilipompata Janice. Kilianza kwenye mabega. Mabega yalitikisika, kisha mdomo ule uliozoea kufungwa ukafunguka, na kikatoka kicheko ambacho hakuna aliyejua alikuwa nacho, kicheko cha mlevi wa harusini. Alimwaga chai kwenye sketi. Alikaa chini kwenye nyasi, viatu vyake vizuri vikamtoka. "Wameunganisha!" alikuwa akisema, akijipangusa machozi. "Mti mmoja, matunda mawili! Mimi na akili zangu nikakubali!" Na wengine wote wakaangua, na Tabby, aliyekuwa amejiandaa kulia, akajikuta amemwegemea Aketch, pumzi hana.

Walipotulia, akawaeleza ya yule muuzaji na picha ya mama.

"Hebu mpigie," Aketch akasema. "Weka spika."

Tabby akapiga. Sauti ya mafuta ya nazi ikapokea. Aketch akainamia simu kama mtu anayenusa samaki. "Sisi ni rafiki za Tabby. Tumesikia mlimau wake uko na mama. Tunataka kumwona huyo mama. Kama yuko."

Walitegemea simu ikatwe. Badala yake sauti ikasema, "Karibuni sana. Siku yoyote. Tuko Thika, Majengo. Mkifika mtaani ulizeni kwa Bibi Mwanarusi."

"Thika?" Tabby akauliza. "Thika hii?"

"Kuna Thika nyingine, mama?"

Uchungu huo haukuwa mdogo. Mti aliodhani umetoka nyanda za mbali, umevuka milima na baridi, ulikuwa umetoka hapo tu, mwisho wa barabara ileile ya moshi. Tena, kama walivyokuja kugundua, kila parseli ilipelekwa kwanza Nairobi, ikalala huko mpaka zamu yake ifike, ndipo ikarudishwa Ruiru. Mche ule ulikuwa umepita mbele ya Gitothua ukienda, bila kushuka.

Wiki iliyofuata wakaenda Thika: Tabby, Janice, Aketch, na ile sufuria. Nyumba ya Bibi Mwanarusi haikuwa na haja ya kuulizwa. Juu ya mabati palitokeza kitu cha kijani na manjano, na walipozunguka nyuma ya nyumba, Tabby akatoa simu, akainua ile picha, akalinganisha tawi kwa tawi. Mti ulikuwa uleule. Malimau yalikuwa yaleyale, makubwa kama ngumi ya fundi wa mawe. Na chini yake alisimama bibi yuleyule, amejitanda mtandio uleule mwekundu.

"Shikamoo, cucu," Tabby akasema, akichanganya adabu ya Kiswahili na ya Kikuyu kwa mshangao.

"Marahaba, wanangu. Nimevaa ule wa kwenye picha," bibi akasema, "msije mkasema ameletwa mwingine."

Muuzaji akatoka ndani, mjukuu wake, Zahra, msichana mwembamba ambaye ana kwa ana sauti yake haikuwa laini hata kidogo. Ile ilikuwa ya biashara. Bibi alipoona sufuria alishika kiuno.

"Zahra! Si nilikwambia? Ukiuza mtoto, onyesha mtoto."

"Nyanya, mtoto hakuna anayempenda kwenye simu. Na niliandika mche. Mche ni mche."

Tabby akatoa simu, akasoma tena yale maandishi, safari hii akianza na neno la kwanza. Akairudisha simu mkobani.

Zahra aliutoa mmea, akaukagua mizizi kama daktari. "Lakini huu niliutuma na majani saba," akasema.

"Hayo mengine yalishukia Juja," Aketch akasema.

Bibi akacheka mpaka mtandio ukamteleza. Akawakalisha kwenye jamvi, akawapa chai yenye tangawizi na limau, na kabla ya kuondoka akawajazia mfuko mzima wa malimau, bila pesa, kwa ajili ya fedheha waliyoipata. Kuhusu miche mipya hakutoa bure. Biashara ni biashara. Janice akachagua wake, Aketch akachagua wake na ya wenzao waliobaki. Na Tabby akachuchumaa kati ya mifuko myeusi, akapapasa majani, akapindua, akanusa, akabishana bei mpaka Zahra akaomba maji ya kunywa. Akaupakata mti wake mpya hadi Gitothua kama mtoto aliyetoka kuchanjwa.

Ule wa katoni hakuutupa. Aliupanda karibu na tangi, na huu mpya akaupanda kando yake. Gachau, bila kuombwa, aliizungushia fremu kuukuu za baiskeli, kwa hivyo ukiingia uani kwao leo utadhani miche ile imefungwa jela. Ajabu ni kwamba ule uliosafiri kwenye katoni ndio umekua zaidi. Zahra anasema ni shida zilizoukomaza. Aketch anasema ni hewa ya Nairobi.

Mwaka jana, chama kilipokuwa kwa Tabby tena, ule wa katoni ulikuwa umefika kimo cha meza ya cherehani na umetoa ua moja, jeupe, dogo. Akina mama wote walilizunguka. Mmoja akataka kuviombea chai na ua kwa pamoja, akaomba kwa muda mrefu kidogo, na walipofumbua macho ua lilikuwa limeanguka.

"Hata amina halikungoja," Janice akasema, akafungua mdomo wote akicheka.

Tabby aliliokota, akaliweka kiganjani, akalizungusha kwa wageni mmoja mmoja walinuse kabla chai haijapoa. Lilinukia vizuri sana.